Hongo kwa maafisa wa umma nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Kenya, ambako Sheria ya Hongo ya 2016 ilianza kutumika Januari 2017. Wengi wanaouliza maswali haya wameshaombwa pesa na wana saa chache tu za kuamua la kufanya. Kama wewe ni mmoja wao, nenda moja kwa moja kwenye swali la tano. Ukiripoti kabla ya kutoa pesa, kesi inaweza kujengwa. Ukitoa kwanza, sehemu kubwa ya ushahidi huondoka pamoja na pesa hizo.

1. Kisheria, hongo ni nini hasa?

Sheria ina makosa mawili yanayotazamana. Kifungu cha 5 kinamhusu mtoaji: ni kosa kutoa, kuahidi au kujitolea kumpa mtu faida ili atekeleze kazi yake isivyostahili, au kumtuza kwa sababu ameshaitekeleza hivyo. Kifungu cha 6 kinamhusu mpokeaji: ni kosa kuomba, kukubali kupokea au kupokea faida hiyo.

Sheria inazungumzia "faida", haisemi pesa peke yake. Basi pesa taslimu, M-Pesa, mafuta ya gari, kreti za soda za sherehe, kazi ya mtoto wa afisa, mkopo usio na nia ya kulipwa, na ngono vyote vinaingia. Haijalishi kama faida ilimwendea afisa mwenyewe, mkewe, shemeji yake au wakala aliye nje ya lango la ofisi. Wala hakuna kiwango cha chini. Shilingi 50 za barabarani na milioni 5 za zabuni ni kosa lilelile, ingawa adhabu hazitalingana.

2. Kama pesa hazikutolewa, kuna kosa kweli?

Lipo. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Afisa akitamka kwamba faili haitasonga bila "kitu kidogo", kosa lake limekamilika palepale, hata ukiondoka bila kumpa chochote. Vivyo hivyo kwako: ukimwambia askari "tuongee kama watu wazima" huku ukikunja noti mkononi, naye akikataa, wewe ndiye mkosaji.

Afisa aliyerudisha pesa baada ya kuogopa hajafuta kosa. Aliyepokea pesa kwa kazi asiyo na mamlaka nayo pia hawezi kujitetea kwamba asingeweza kukusaidia. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 inaeleza kwamba kushindikana kwa jambo lenyewe si utetezi. Sheria hiyohiyo inakataa utetezi wa mazoea: kusema "ofisi hii ndivyo tunavyofanya siku zote" hakumwokoi mtu.

3. Nani anahesabiwa kuwa afisa wa umma?

Yeyote mwenye kazi katika serikali ya kitaifa, serikali ya kaunti au utumishi wa umma kwa jumla: askari wa trafiki, chifu, karani wa masijala ya ardhi, muuguzi wa hospitali ya kaunti, mwalimu wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), mkaguzi wa magari, afisa wa ushuru, askari wa kaunti anayezunguka sokoni, hakimu. Cheo hakijalishi. Mlinzi wa langoni anayetoza "ya kuingilia" ili ufike kwa bosi hana kinga kwa sababu mshahara wake ni mdogo.

Sheria ya 2016 inagusa pia sekta binafsi, lakini majibu haya yanahusu ofisi za umma.

4. Nitajuaje kama ninachoombwa ni ada halali au ni hongo?

Uliza maswali matatu. Ada hii imeandikwa wapi? Inalipwa kwenye akaunti gani? Nitapewa risiti gani? Ada za serikali kuu hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma na malipo mtandaoni, kwa nambari ya malipo 222222, na mfumo hukupa risiti yenye nambari. Kaunti zina mifumo yao. Nambari ya simu ya mtu binafsi si akaunti ya serikali hata akikueleza kwamba "mtandao uko chini, nitakulipia mimi".

Huduma kadhaa zinazoongoza kwa malalamiko ni za bure kabisa. Fomu ya P3 ya polisi, inayojazwa kuonyesha majeraha ya aliyeshambuliwa, hailipiwi. Bondi ya polisi hailipiwi: unatia sahihi ahadi ya kufika kortini na kwenda zako. Dhamana ya pesa taslimu ni kitu kingine. Hiyo hutolewa kwa risiti na hurudishwa kesi ikiisha ukiwa umetii masharti. Ukiambiwa "bondi ni elfu tano" bila risiti, hiyo ni hongo. Faini za trafiki nazo haziishii mfukoni mwa askari kando ya barabara. Kama kuna kosa, andikiwa kosa hilo na udai karatasi.

Ujanja wa kawaida ni kuchanganya vyote viwili. Karani anakutajia jumla, tuseme shilingi 7,500, huku ada halali ikiwa 2,500. Dai achanganue kwa maandishi. Mara nyingi ombi hili pekee hurudisha bei mahali pake.

5. Nimeombwa pesa leo. Nifanye nini?

Usilipe, na usigombane. Ukimtisha kwamba utamshtaki, atakana, atawaonya wenzake, na faili yako itafichwa. Mwambie unahitaji muda wa kutafuta pesa. Sentensi kama "nipe hadi kesho mchana" inatosha. Usiahidi kiasi ambacho hakukitaja yeye.

Ukishatoka, andika kila kitu siku hiyohiyo: tarehe, saa, ofisi na nambari ya mlango, jina lililo kwenye kitambulisho chake au nambari ya huduma iliyo begani kwa askari, nambari ya faili au ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), kiasi alichotaja, kazi aliyosema ataifanya au ataizuia, na nani mwingine alikuwa karibu. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoitumia. Kama alisema kwa Sheng au kwa Kikamba, andika hivyo hivyo. Tafsiri itafanywa na wengine baadaye.

Usifute ujumbe wowote. Picha ya skrini ni msaada mdogo. Kinachohitajika ni simu yenyewe ikiwa na ujumbe wa awali, kwa sababu itakaguliwa. Mazungumzo ya WhatsApp yaliyowekewa kujifuta yana hatari kubwa, kwa hiyo zima mpangilio huo mara moja.

Kisha piga 1551, nambari ya bure ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, au nenda kwenye ofisi yake. Makao makuu ni Integrity Centre, Nairobi, na kuna ofisi katika maeneo kama Mombasa, Malindi, Kisumu, Eldoret, Nakuru, Nyeri, Isiolo na Garissa. Mtandaoni kuna njia ya kuripoti bila kutaja jina. Njia hiyo inafaa kwa kutoa fununu kuhusu zabuni au mtandao mzima wa walaji rushwa. Kwa ombi la pesa linalokungoja kesho mchana haifai sana, maana bila mlalamishi wa kukutana naye hakuna mtego (tazama swali la sita).

Usimwambie mtu yeyote kwamba umeripoti, hata jamaa anayefanya kazi katika ofisi hiyo. Yeye hasa.

6. Mtego wa EACC hufanywaje?

Kwanza unaandikisha taarifa. Baada ya hapo wachunguzi hupenda kuthibitisha ombi lenyewe: unapewa kinasa sauti kidogo na kurudi kwa afisa, au kumpigia simu, mzungumze. Sehemu hii ina uzito kuliko pesa. Kinachotafutwa ni sauti yake akitaja kiasi na sababu. Kazi yako ni kusikiliza na kuuliza maswali mafupi: "Kwa hiyo ni ngapi?" "Nikikuletea, hati itatoka lini?" Usimwekee maneno mdomoni.

Ombi likithibitika, pesa huandaliwa, zako au za Tume. Noti hupigwa nakala, nambari zake huorodheshwa, na wewe unatia sahihi kwenye orodha. Kisha hupakwa poda maalum ya kemikali na kutiwa kwenye bahasha. Unaagizwa usiziguse hadi wakati wa kumpa, na umpe pale tu atakapoziomba. Kuna ishara mliyopatana ya kuwajulisha maafisa walio karibu.

Akizipokea, hukamatwa. Mikono yake hupanguswa kwa pamba, wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake, na pamba nyingine safi huhifadhiwa kwa kulinganisha. Noti hulinganishwa na nakala, orodha ya vilivyopatikana huandikwa papo hapo, na pamba hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Bahasha au mfuko wa nguo uliogusana na poda nao hupimwa.

Kama pesa zilikuwa zako, jua kwamba zitakaa kama kielelezo hadi kesi iishe. Uliza mapema kama Tume itatumia zake. Kwa mama anayeuza mboga Gikomba, shilingi elfu kumi kukaa kortini mwaka mzima ni pigo.

7. Huko si kumshawishi mtu atende kosa?

Kuna mpaka, na mahakama za Kenya huulinda. Kumpa mtu aliyekwisha kuomba nafasi ya kupokea ni halali. Kumwendea mtu ambaye hakuwa na nia, kumsumbua hadi akubali, ni kumtega isivyo haki. Mahakama Kuu imewahi kusimamisha mashtaka kwa sababu hiyo. Ndiyo maana rekodi ya ombi la kwanza hutafutwa kabla ya pesa kuandaliwa, na ndiyo maana ni kosa kubwa la mlalamishi kuanzisha yeye mazungumzo ya bei.

8. Mbona kesi nyingi huanguka kortini?

Upande wa mashtaka lazima uthibitishe pasipo shaka ya maana. Mianya ni ileile miaka nenda miaka rudi.

Rekodi haisemi lolote. Afisa alizungumza kwa mafumbo ("ile maneno uko nayo?"), na hakuna mtu aliyeuliza swali la kufafanua. Mafumbo yenyewe hayamwokoi mtu ikiwa mazungumzo mengine yanaonyesha maana yake, lakini bila muktadha hakimu hawezi kubahatisha.

Ushahidi wa kielektroniki haukufuata utaratibu. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kutoka kwa aliyehusika na kifaa au na utoaji wa nakala. Cheti kikikosekana au kikitiwa sahihi na asiyehusika, sauti inaweza kukataliwa, na kesi nzima ilikuwa imesimama juu ya sauti hiyo. Mazungumzo yakiwa kwa lugha ya mama, tafsiri yake nayo huhitaji mtu wa kuja kuisimamia.

Mnyororo wa vielelezo umekatika. Pamba ilikaa kwenye droo ya nani kati ya Jumanne na Ijumaa? Kama hakuna sahihi, wakili wa utetezi atapafungua hapo.

Na kubwa kuliko yote: mlalamishi hakufika kutoa ushahidi. Amechoka na kuahirishwa kwa kesi, amehama, ametishwa, au amelipwa anyamaze. Poda mikononi inathibitisha kugusa pesa. Haithibitishi kwamba ziliombwa kama hongo, na mshtakiwa husema zilikuwa deni. Neno lako ndilo linalofunga pengo hilo. Ukibadilisha simu au makazi, mjulishe mchunguzi wako.

9. Nimeshalipa. Je, nikiripoti nitashtakiwa?

Sheria haitoi msamaha wa moja kwa moja kwa mtoaji, na si haki kukuficha hilo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya aliyenunua upendeleo asiostahili, kama leseni bila mtihani, na aliyekamuliwa ili apate huduma ambayo ni haki yake. Uamuzi wa nani ashtakiwe ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na mtu aliyekuja mwenyewe, mapema, na ukweli wote, huwa shahidi mara nyingi. Ushauri wetu ni uone wakili kwanza kama kiasi ni kikubwa au kama nawe ulipata kitu usichostahili.

Malipo ya M-Pesa yana kumbukumbu zinazoweza kutolewa kwa amri ya mahakama, hata kama yalikwenda kwa nambari ya mtu wa tatu. Pesa taslimu bila shahidi ni vigumu, ila maafisa wanaoomba mara moja huomba tena. Ripoti yako inaweza kuwa ya tatu dhidi ya mtu yuleyule.

10. Adhabu ni ipi?

Kwa mtoaji na mpokeaji: kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Juu yake kuna faini ya lazima mara tano ya faida iliyopatikana au hasara iliyosababishwa, pale inapoweza kuhesabika. Karani aliyepokea 40,000 anaweza kujikuta na 200,000 za nyongeza kabla hata ya faini ya msingi. Mahakama pia inaweza kuagiza mali iliyopatikana kwa hongo itwaliwe.

Kuna yanayoanza mapema kuliko hukumu. Chini ya sheria ya 2003, afisa wa umma akishtakiwa husimamishwa kazi kwa nusu mshahara hadi kesi iishe. Akipatikana na hatia, hawezi kuchaguliwa wala kuteuliwa katika utumishi wa umma kwa miaka 10.

EACC huchunguza, lakini haishtaki. Jalada huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kutoka kukamatwa hadi kusomewa mashtaka kunaweza kupita miezi. Kwa hiyo afisa kuonekana tena mezani kwake wiki moja baada ya mtego si dalili kwamba kesi imezimwa.

11. Zawadi ya asante baada ya kuhudumiwa vizuri ni hongo?

Inaweza kuwa. Sheria inatazama lengo, na kumtuza afisa kwa kukupendelea ni kosa hata kama pesa zilikuja baadaye. Kifungu cha 76 cha Katiba kinasema zawadi anayopewa afisa wa Serikali katika shughuli ya umma au ya kiofisi ni ya Jamhuri. Kama umeridhika, andika barua kwa msimamizi wake. Barua hiyo humsaidia kupandishwa cheo kuliko mbuzi.

12. Nafanya kazi katika ofisi hiyo na nimeyaona. Ninawajibika?

Kama una nafasi ya mamlaka, ndiyo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Hongo kinataka afisa wa Serikali, afisa wa umma au yeyote mwenye mamlaka katika taasisi ya umma au binafsi aripoti kwa Tume ndani ya saa 24 baada ya kujua au kushuku hongo. Kumwambia mkuu wa idara kisha ukanyamaza hakutimizi wajibu huo.

Ukiripoti, kukushusha cheo, kukuhamisha, kukufuta kazi au kukutisha kwa sababu hiyo ni kosa lenye adhabu ya hadi shilingi milioni moja au mwaka mmoja gerezani. Ulinzi huu ni wa karatasi mpaka uusaidie: hifadhi barua zako za tathmini ya kazi za kabla ya kuripoti, ili uhamisho wa ghafla uonekane ulivyo.

13. Kampuni ya kigeni ikimhonga afisa wa Kenya, mkono wa sheria unaifikia?

Unaifikia, na unaweza kuanzia kwao. Kampuni ya uchapishaji ya Uingereza, Smith & Ouzman, ilipatikana na hatia Desemba 2014 mjini London kwa kuwalipa maafisa wa Kenya na Mauritania ili ipate kazi za uchapishaji, zikiwemo karatasi za kura. Katika mawasiliano yao hongo iliitwa "kuku", na fumbo hilo halikuwasaidia. Mkurugenzi mmoja alifungwa miaka mitatu, na mwaka 2016 kampuni ikaamriwa kulipa jumla ya pauni milioni 2.2. Sehemu ya fedha zilizotwaliwa ilirudishwa Kenya na kununuliwa magari ya kubebea wagonjwa.

Kampuni za hapa zinatakiwa kuwa na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa wao. Sera iliyobandikwa ukutani bila rejista ya malipo ya mawakala wa bandarini haitoshi.

14. Nikimsingizia mtu je?

Kutoa tuhuma ya uongo kwa Tume kwa makusudi ni kosa: faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka mitano, au vyote viwili. Kukosea kwa nia njema si kosa. Eleza uliyoyaona na kuyasikia, na ulichokisia useme wazi kwamba umekisia.

15. Niko mpakani, Namanga au Horohoro, na aliyeniomba ni afisa wa Tanzania. Niende wapi?

Nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa ya Tanzania, nambari ya bure 113 ukiwa upande wa Tanzania Bara. Kwa Zanzibar chombo ni ZAECA. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, nayo inawashika wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Tofauti iko kwenye adhabu: faini ya kati ya shilingi za Tanzania 500,000 na milioni moja, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote. Na kule wajibu wa kutoa taarifa ni wa kila mtu anayejua, si wa wenye mamlaka peke yao.

Mkenya anayemhonga afisa wa nchi nyingine anatenda kosa chini ya sheria ya Kenya vilevile. Basi dereva wa lori anayepewa na tajiri wake "ya mizani", yaani pesa za vituo vya kupimia uzito wa malori, kabla ya safari aombe orodha ya malipo yenye risiti za kila kituo. Kiasi kisicho na risiti kirudi kwa tajiri, kwa maandishi, kabla ya lori kuondoka.